Kupandikiza polima kwenye nyuzi za sufu: mwongozo kamili wa kazi ya maabara

Mtu akikuambia sufu yake imeongezeka uzito kwa asilimia 40 baada ya kuipandikiza polima, usianze kwa kumuuliza alitumia kemikali gani. Muulize aliikausha vipi na aliiosha kwa kitu gani. Sufu hudanganya mbele ya mizani kuliko karibu kila uzi mwingine. Hunywa unyevu wa hewani wakati wewe bado unaandika namba, na hushika polima ambayo haikuungana nayo popote, imejibandika tu kati ya nyuzi. Ndiyo maana katika mwongozo huu nimetumia nafasi kubwa kwa kupima na kuosha, mambo ambayo wengi huyapitia mbiombio, na nafasi ndogo kwa ile sehemu inayoonekana ya ajabu, yaani kuchemsha.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Polima ni mnyororo mrefu uliojengwa kwa molekuli ndogo zinazofanana, ambazo huitwa monoma. Kupandikiza ni kuuotesha mnyororo huo kutoka kwenye molekuli ya sufu yenyewe, kama mkulima anavyobebesha kikonyo cha mti mmoja kwenye shina la mwingine. Kupaka ni jambo jingine: polima iliyokwisha kutengenezwa inalazwa juu ya unyuzi na kukaushwa hadi ishike. Njia zote mbili zina kazi zake, na makosa mengi huanzia pale mtu anapochagua moja kwa kazi ya nyingine.

Anza na shida, si na kemikali

Kabla hujanunua chochote, andika kwenye karatasi unataka sufu ibadilike nini. Majibu ya kawaida ni haya.

Unataka isisinyae inapofuliwa? Hapo unahitaji kufunika magamba ya juu ya unyuzi, na kwa kazi hiyo kupaka kunashinda kupandikiza. Ruka hadi sehemu ya njia ya pili.

Unataka ipunguze kunywa maji, iwe nene zaidi, ivumilie asidi na alkali vizuri zaidi? Pandikiza methili methakrileti. Hii ndiyo monoma iliyofanyiwa kazi nyingi kuliko karibu zote kwenye sufu, na ndiyo nitakayoitumia hapa kama mfano.

Unataka ishike rangi za chaji chanya, au inase ayoni za metali kama shaba na fedha? Tafuta monoma yenye kundi la asidi, mfano asidi ya methakriliki. Unataka ishike rangi za asidi kwa wingi au kwa joto la chini? Tafuta polima yenye makundi ya amini. Kitosani, inayotokana na maganda ya kamba na kaa, ndiyo rahisi na haina ukali.

Jambo moja ambalo wanaoanza hulisahau ni ulaini wa polima yenyewe. Kila polima ina joto ambalo chini yake huwa ngumu kama kioo na juu yake huwa laini kama mpira. Kwa polima ya methili methakrileti joto hilo ni kama nyuzijoto 105 za Selsiasi, kwa hiyo kwenye joto la mwili ni ngumu. Kwa polima ya ethili akrileti ni kama 24 chini ya sifuri, na kwa ya butili akrileti ni zaidi ya 50 chini ya sifuri. Ukipandikiza methili methakrileti kwa wingi kwenye sufu ya sweta, utapata kitu kinachofaa kusugulia sakafu. Changanya na butili akrileti kidogo, mkono utahisi tofauti.

Unyuzi wa sufu ulivyo

Sufu ni protini iitwayo keratini. Upekee wake ni salfa nyingi: minyororo ya protini imeungwa kwa madaraja ya atomi mbili za salfa, na madaraja hayo ndiyo yanayoipa sufu uwezo wa kurudi katika umbo lake. Daraja likivunjwa kwa kikali cha kurejesha, yaani kemikali inayotoa elektroni, hubaki makundi ya thioli (salfa iliyoshika hidrojeni), na kundi la thioli ni mahali pazuri sana pa kuanzisha mnyororo wa polima. Yapo pia makundi ya amini na haidroksili ambayo yanaweza kushiriki.

Kwa nje unyuzi umevikwa magamba yaliyopangwa kama vigae vya paa, ncha zote zikielekea upande mmoja. Nyuzi zinaposuguana ndani ya maji zinateleza kuelekea upande mmoja na kukataa kurudi. Hapo ndipo nguo inaposinyaa na kugandamana kuwa felti. Juu kabisa ya magamba kuna utando mwembamba wa asidi ya mafuta, uliofungwa kwenye protini kwa kifungo cha salfa. Utando huo ndio unaofanya tone la maji likae juu ya sufu safi kama shanga.

Lijaribu hilo kabla ya kitu kingine chochote. Chukua kipande cha kitambaa cha sufu kisichotibiwa, dondosha tone moja la maji kutoka urefu wa sentimita moja, kisha tazama saa. Tone linaweza kukaa nusu saa bila kuzama. Kwenye sufu iliyoondolewa utando huo, tone huzama ndani ya sekunde chache. Kipimo hiki hakina gharama, na kitakuonyesha kama hatua yako ya kuandaa uso imefanikiwa.

Kitu kingine cha kukumbuka ni kwamba sufu huvumilia asidi nyepesi lakini huangamizwa na alkali. Sodiamu haidroksaidi ya asilimia 5 ikichemka huiyeyusha sufu yote kwa dakika chache. Dawa ya kufanyia nguo nyeupe yenye hipokloriti nayo huiyeyusha. Kwa hiyo kazi yetu yote tutaifanya upande wa asidi.

Hatari zenyewe

Methili methakrileti hushika moto kwa urahisi sana. Mvuke wake unaweza kuwaka kwenye joto la nyuzijoto 10 tu, yaani karibu chumba chochote. Hakuna jiko la moto wazi hapa. Pasha kwa maji ya moto yanayodhibitiwa kwa thermostati, na fanya kazi ndani ya kabati la kufyonza hewa. Harufu yake utaitambua ikiwa umewahi kupita mahali wanapobandika kucha za bandia. Watu wanaofanya kazi nayo kila siku, kama mafundi wa meno ya bandia, hupata mzio wa ngozi ambao haurudi nyuma. Glovu nyembamba za nitrili huiachia ipite kwa dakika chache tu, kwa hiyo ikikurukia vua glovu mara moja, nawa, vaa nyingine.

Persulfati ya potasiamu, ambayo hapa ndiyo kianzishi, yaani kemikali inayoanzisha mnyororo wa polima, ni kioksidishaji: iweke mbali na viyeyusho na karatasi. Vumbi lake huleta pumu. Ni jamaa ya ile poda ya kung'arisha nywele inayowapa wasusi shida ya kifua. Pima ukiwa umevaa barakoa ya vumbi.

Mapishi ya zamani yanataja akrilamidi na akrilonitrili. Ya kwanza huharibu mishipa ya fahamu, ya pili ni sumu na inahusishwa na saratani. Sioni sababu ya mtu anayejifunza kuzigusa, maana karibu kila sifa wanayoitafuta huko inapatikana kwa monoma nyingine.

Njia ya kwanza: kupandikiza methili methakrileti

Vipimo vifuatavyo ni vya gramu 2 za sufu. Fanya kiasi hiki kwanza hata kama lengo lako ni kilo.

Hatua ya 1. Safisha sufu. Osha kwa maji ya nyuzijoto 45 hadi 50 na sabuni isiyo na chaji, bila kusugua. Bonyeza tu na kuachia. Suuza mara tatu. Kisha ondoa mafuta yaliyobaki kwa kuichemsha katika kifaa cha Soxhlet, ambacho huosha kwa kiyeyusho kinachochemka na kurudi tena na tena, na ethanoli kwa saa nne, na uimalizie kwa maji yaliyokenekwa. Mafuta ya kondoo yakibaki, utayahesabu kama sufu mwanzoni, halafu asetoni ya kuoshea itayaondoa mwishoni, na hesabu yako itaonyesha upandikizaji mdogo kuliko uliopo.

Hatua ya 2. Pata uzito mkavu. Hapa tukae kidogo. Sufu katika hewa ya kawaida, yenye unyevu wa asilimia 65 na joto la nyuzijoto 20, hubeba maji kiasi cha asilimia 16 ya uzito wake mkavu. Maana yake gramu 2.000 kavu zikiachwa mezani huelekea gramu 2.32. Ukipima kavu mwanzoni na ukapima yenye unyevu mwishoni, umepata "upandikizaji" wa asilimia 16 bila kutumia hata tone la monoma. Nimewahi kusherehekea matokeo ya namna hiyo wiki nzima.

Tumia chupa ya kupimia yenye kifuniko cha kioo. Weka sufu ndani, acha kifuniko wazi, kausha kwenye oveni ya nyuzijoto 105 kwa saa tatu. Funika ukiwa bado ndani ya oveni, hamishia kwenye desikata (chombo kilichofungwa cha kuzuia unyevu) yenye silika jeli, iache ipoe nusu saa, pima ikiwa imefunikwa. Rudisha kwenye oveni saa moja, pima tena. Rudia hadi namba mbili zinazofuatana zitofautiane kwa chini ya miligramu 2. Huo ndio uzito wa kwanza, tuuite U1. Utaratibu huu huu, chupa hii hii, ndio utakaoutumia mwishoni.

Hatua ya 3. Ondoa kizuizi kwenye monoma. Methili methakrileti inauzwa ikiwa na kemikali kidogo inayoizuia isigeuke polima ndani ya chupa. Ipitishe kwenye safu fupi ya alumina ya kibesi, mililita 10 kwa siku, na uitumie siku hiyo hiyo. Usiihifadhi bila kizuizi.

Hatua ya 4. Tayarisha mahali pa kuota. Hatua hii unaweza kuiruka, lakini mimi siiruki. Loweka sufu katika myeyusho wa sodiamu baisalfaiti wa asilimia 2, nyuzijoto 50, kwa saa moja. Baadhi ya madaraja ya salfa yatavunjika na kuacha thioli. Suuza sana kwa maji yaliyokenekwa, maana baisalfaiti iliyobaki itashindana na sufu katika hatua zinazofuata. Usizidishe muda, madaraja hayo ndiyo nguvu ya uzi.

Hatua ya 5. Ifurishe na uondoe oksijeni. Weka sufu kwenye chupa ya shingo tatu yenye maji yaliyokenekwa mililita 180, yaliyotiwa asidi ya salfuriki nyepesi hadi pH 3. Iache usiku kucha ili maji yaingie ndani ya unyuzi. Asubuhi, ingiza mrija wa nitrojeni hadi chini ya maji na uipulize taratibu kwa dakika 30 huku ukipasha hadi nyuzijoto 62. Oksijeni humeza radikali huru, yaani vipande vya molekuli vinavyoanzisha mnyororo, kabla hazijafanya kazi. Siku ambayo mtungi wangu wa nitrojeni uliisha bila mimi kugundua, nilikaa saa tatu nikitazama maji safi kabisa, na sufu ikatoka kama ilivyoingia.

Hatua ya 6. Weka kianzishi, kisha monoma. Yeyusha persulfati ya potasiamu gramu 0.27 katika mililita 20 za maji. Kiasi hiki kinafanya milimoli 5 kwa lita katika ujazo wote wa mililita 200. Mimina ndani na subiri dakika 10, ili persulfati ikutane na thioli za sufu kabla haijakutana na monoma. Sasa ongeza methili methakrileti mililita 4, tone kwa tone, kwa dakika 15. Maji huweza kuyeyusha kama gramu 1.5 za monoma hii kwa kila mililita 100, kwa hiyo sehemu kubwa itayeyuka. Matone yatakayobaki yatasambazwa na koroga. Koroga taratibu. Ukikoroga kwa kasi, sufu itagandamana kuwa felti ndani ya chupa na polima itaota nje ya donge tu.

Hatua ya 7. Subiri saa tatu. Nitrojeni iendelee kupita juu ya maji, kondensa ya maji baridi iwe imefungwa ili monoma isitoroke. Baada ya muda maji yataanza kuwa na ukungu, halafu meupe kama maziwa. Usifurahie weupe huo. Ni polima iliyoota majini bila kushikana na sufu, na kila gramu yake ni monoma uliyoipoteza.

Ukiona weupe umekuja haraka na kwa wingi, kianzishi ni kingi au joto ni kali. Shusha joto hadi 55 jaribio lijalo kabla ya kugusa kitu kingine.

Kuosha ndiyo kazi

Toa sufu, suuza kwa maji ya vuguvugu hadi maji yatoke safi, kausha kwenye hewa. Ukiipima sasa utapata namba nzuri sana. Iandike, lakini usimwonyeshe mtu.

Polima huru ya methili methakrileti huyeyuka kwenye asetoni; ile iliyopandikizwa haiwezi kuondoka kwa sababu imefungwa kwenye protini. Iweke sufu kwenye Soxhlet na asetoni kwa saa 24. Kausha, pima, rudisha kwa saa nyingine 12, pima tena. Kama uzito bado unashuka, endelea. Saa nne ambazo watu wengi huziandika hazitoshi, hasa ikiwa nyuzi zimebanana. Kwa polima ya asidi ya methakriliki, kiyeyusho kiwe maji ya moto yanayobadilishwa mara kwa mara, si asetoni.

Tuseme namba zako ni hizi. Uzito mkavu wa mwanzo gramu 2.000. Kabla ya asetoni gramu 2.760. Baada ya asetoni gramu 2.240. Namba ya kujidanganya ni asilimia 38. Namba ya kweli ni 0.240 ukigawa kwa 2.000, mara 100: asilimia 12.

Sasa mimina yale maji meupe ya chupa ndani ya methanoli, chuja polima inayoganda, kausha, pima. Tuseme umepata gramu 0.600. Jumla ya polima yote iliyoundwa ni 0.240 iliyopandikizwa, jumlisha 0.520 iliyotolewa na asetoni, jumlisha 0.600 ya majini: gramu 1.360. Ufanisi wa upandikizaji ni 0.240 kwa 1.360, karibu asilimia 18. Hii ndiyo namba ninayoiangalia kuliko zote ninapobadilisha joto, pH au kianzishi. Asilimia ya upandikizaji inaweza kupanda kwa kumwaga monoma zaidi tu. Ufanisi haupandi kwa njia hiyo.

Usikubali matokeo bila majaribio matatu ya ulinganisho, yanayofanyika siku moja na jaribio lenyewe: sufu na monoma bila kianzishi, sufu na kianzishi bila monoma, na la tatu kianzishi na monoma peke yao, sufu ikaingizwa baada ya polima kuwa tayari. La pili hukuonyesha sufu inapoteza uzito kiasi gani kwa kuliwa na kemikali. La tatu, baada ya asetoni, lirudi karibu na sifuri. Lisiporudi, uoshaji wako haujakamilika na namba zako zote za siku hiyo zina kasoro hiyo hiyo.

Ushahidi kwamba imeshika

Ukiwa na spektromita ya infraredi, tafuta kilele karibu na 1730 kwa sentimita, ambacho ni cha esta ya polima na hakipo kwenye sufu tupu. Sufu yenyewe huonyesha vilele vyake vya amidi karibu na 1650 na 1530. Linganisha urefu wa kilele cha 1730 na cha 1650 kabla na baada ya asetoni.

Bila spektromita, kuna jaribio la zamani ambalo mimi hulipenda kwa sababu linaonekana kwa macho. Chukua miligramu 200 za sufu iliyopandikizwa na kuoshwa, ifunge kwenye mrija imara wa kioo pamoja na asidi ya haidrokloriki ya molari 6, na uiache kwenye nyuzijoto 110 kwa saa 24. Protini yote hugawanyika kuwa asidi za amino na kuyeyuka. Kinachobaki ni polima, mara nyingine kikiwa bado na umbo la nyuzi, kama ngozi ya nyoka iliyovuliwa. Kipime: uzito wake ukikubaliana na hesabu yako ya asilimia, umelala salama. Sufu ya kawaida ikifanyiwa hivyo haiachi karibu kitu. Fanya ndani ya kabati, na acha mrija upoe kabisa kabla ya kuufungua.

Kwa polima zenye asidi, tumia rangi ya methilini buluu ya asilimia 0.1, dakika tano kwenye maji ya kawaida, kisha suuza. Sehemu zilizopandikizwa hushika buluu nzito. Mabaka ni dalili kwamba sufu haikufura sawasawa.

Kujua kama umeiumiza sufu, kuna kipimo cha viwandani cha kuyeyuka kwenye alkali: sodiamu haidroksaidi ya molari 0.1, nyuzijoto 65, saa moja, kisha pima uzito uliopotea. Sufu isiyoharibika hupoteza kiasi cha asilimia 10 hadi 15. Ikipanda sana, umekata madaraja mengi mno katika hatua ya 4. Lakini fanya kipimo hiki kwenye ile sufu ya ulinganisho iliyopata kianzishi bila monoma. Kwenye sufu iliyopandikizwa, polima isiyoyeyuka itaficha uharibifu.

Njia ya pili: kufunika magamba

Kama shida yako ni nguo kusinyaa, usihangaike na yote hayo. Monoma ni molekuli ndogo, inaingia hadi ndani ya unyuzi na kuota huko, mahali ambapo haisaidii chochote kuhusu magamba. Resini ya polima iliyokwisha kuundwa ni kubwa mno kuingia, kwa hiyo hukaa juu, pale pale tunapoitaka.

Watafiti wa CSIRO, shirika la utafiti la serikali ya Australia, na Sekretarieti ya Kimataifa ya Sufu waliujenga juu ya wazo hilo mchakato wa klorini na Hercosett, ambao kwa miongo mingi ndio umetawala utengenezaji wa sufu inayofulika kwa mashine. Klorini huondoa utando wa mafuta na kulainisha ncha za magamba, kisha resini ya poliamidi na epiklorohaidrini hutandazwa juu, kama asilimia 2 ya uzito wa sufu. Ni jamii ile ile ya resini inayofanya karatasi ya mfuko wa chai isipasuke kwenye maji ya moto. Wamarekani katika maabara ya wizara ya kilimo huko Albany, California, walipita njia nyingine waliyoiita Wurlan: waliloweka sufu kwenye diamini, kisha kwenye kloridi ya asidi ndani ya kiyeyusho, na nailoni ikajiunda palepale juu ya unyuzi. Ilikuwa akili sana, ila klorini ndiyo iliyoshika soko.

Tatizo la klorini ni maji machafu yenye misombo ya klorini, na gesi yenyewe. Kwa maabara ndogo ninapendekeza peroksimonosulfati ya potasiamu, chumvi inayotumiwa pia kusafishia mabwawa ya kuogelea. Kwa gramu 100 za kitambaa kilichofumwa, tumia maji lita 3 yenye pH kati ya 3.5 na 4, nyuzijoto 30. Yeyusha chumvi gramu 5 pembeni na uiongeze kwa mafungu manne ndani ya dakika 15. Endelea kugeuza kitambaa hadi karatasi ya wanga na iodidi isibadilike tena kuwa buluu. Huwa kama dakika 45. Ongeza sodiamu salfaiti gramu 5, pandisha pH hadi 8, nyuzijoto 40, dakika 25. Salfaiti ndiyo inayomalizia kazi kwa kuacha makundi yenye chaji hasi juu ya magamba, na resini ina chaji chanya. Suuza, kisha rudia lile jaribio la tone la maji. Tone likikaa zaidi ya dakika moja, usiendelee. Resini haitatandaa, itakaa kwa vidonge.

Resini huuzwa ikiwa na asilimia 12.5 ya kitu kikavu, kwa hiyo gramu 2 kavu ni gramu 16 za kimiminika. Izimue kwa maji mara kumi, iongeze taratibu kwenye maji mapya ya pH 7.5 hadi 8 yenye nyuzijoto 40. Maji yatakuwa na ukungu mwanzoni na kuwa angavu resini inapohamia kwenye sufu. Kamua, kausha kwa nyuzijoto 80 hadi 90 hadi ikauke kabisa, na uiache siku mbili kabla ya kufua, kwa kuwa resini huendelea kujifunga.

Pima kusinyaa kwa kushona alama tatu za urefu na tatu za upana kwa uzi usiosinyaa. Fua mara moja kwa mzunguko mpole, pima. Huko ni kulegea kwa ufumaji tu, hakuhesabiwi. Halafu fua kwa mizunguko mikali na upime tena. Ikiwa urefu umepungua kwa asilimia 6 na upana kwa asilimia 4, eneo limepungua kwa 6 jumlisha 4, toa 24 gawa kwa 100, yaani asilimia 9.76. Kwa sufu ambayo haijasokotwa, tikisa gramu 1 ndani ya chupa yenye mililita 50 za maji kwa saa moja. Sufu isiyotibiwa hutoka kama kigololi kigumu. Iliyotibiwa vizuri hutoka kama donge kubwa linalobonyea. Kadiri kipenyo kilivyo kikubwa, ndivyo ulivyofanikiwa.

Ukitaka kupanua upandikizaji

Mtu akishapata asilimia 12 kwa gramu 2 hutaka gramu 200, na mara moja hushawishika kupunguza maji, kwa sababu lita 20 ni nyingi. Fanya hesabu kwanza. Methili methakrileti hutoa joto la kama kilojuli 56 kwa kila moli inapogeuka polima. Mililita 4 za monoma ni moli 0.0376, kwa hiyo kilojuli 2.1. Katika mililita 200 za maji, joto hilo lote likitoka kwa mara moja litapandisha maji kwa nyuzijoto 2.5 tu; hutaliona. Ukipunguza maji mara kumi kwa sufu na monoma ile ile, litapanda kwa nyuzijoto 25, kutoka 62 hadi 87. Kwa joto hilo persulfati huvunjika kwa kasi zaidi, joto huongezeka tena, na polima inayonata huzuia minyororo isikome kukua, jambo linaloiongezea kasi. Chupa ndogo ingepoteza sehemu ya joto kupitia kuta zake, lakini chombo cha lita 20 hakipotezi kwa kasi hiyo.

Kwa hiyo ongeza kwa hatua: gramu 10, kisha 40, ukishikilia uwiano wa sehemu 1 ya sufu kwa 100 za maji. Ukilazimika kupunguza maji, punguza hadi 1 kwa 50, monoma iingie kwa saa mbili badala ya dakika 15, na thermomita ikae ndani ya maji yenye sufu, si kwenye bafu la nje. Maji meupe yanayobaki yasimwagwe kwenye sinki. Yachemshe kwa saa nyingine mbili na persulfati kidogo ili monoma iliyosalia igeuke polima, yapooze, gandisha kwa chumvi, chuja, na kigumu kilichobaki kwenye chujio kiende kwenye taka za kemikali pamoja na asetoni iliyotumika, kila kimoja katika chombo chake chenye lebo.